Plasmidi na Mtoto Mwenye Mdomo wa Ngamia

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya mifugo Garissa, mlinzi wa lango alininong'oneza kwamba anayeshika plasmidi huzaa mtoto mwenye mdomo wa ngamia. Niliamini yote, hata kope ndefu za mtoto huyo nikaanza kuziona.

Nimestaafu sasa, na vijana huniuliza tulifanyaje kazi. Plasmidi ni kipete cha DNA. Kikibebeshwa jeni ngeni huitwa vekta. Chetu kilibeba jeni ya virusi vya ndui ya ngamia. Tulikizalisha ndani ya bakteria, kisha tukakiingiza kwenye seli za figo za nyani. Mbele ya jeni iliwekwa promota, yaani swichi ambayo seli za mamalia zinaweza kuisoma. Promota ya bakteria seli hizo hazina habari nayo. Hapo seli zilitengeneza protini ya virusi, nasi tukaitumia kupima kama damu ya ngamia ina kingamwili za ndui. Biolojia nilisoma shule ya usiku, nikawashinda wote kaskazini mashariki. Mengine nilifundishwa na mkuu wa maabara, daktari mwanamke mwenye sauti ya chini kama friji.

Mke wangu Halima aliposhika mimba, utulivu ulinitoka. Nilivaa glavu tatu tatu. Nilinawa mpaka sabuni ikaadimika mtaani kwetu Waberi. Mkeka wangu nikauhamishia barazani. Nikaomba safari ya Hulugho kuchukua damu. Huko nako kila ngamia alinitazama kama mkwe.

Niliporudi, Halima alikuwa anafunga nguo zake kwenye shuka. Mume anayemkimbia mkewe mjamzito, alisema, ana mwingine. Yeye anarudi kwa mama yake Masalani, na mtoto atazaliwa huko.

"Gari linaondoka baada ya adhuhuri," akasema. "Kama una neno, Abdi, liseme."

Neno lenyewe ningelisemaje? Nilikimbilia maabara, nikammwagia daktari yote nikihema. Hakucheka. Alinikalisha kwenye hadubini nitazame seli tulizotia plasmidi yenye jeni ya kung'aa kijani.

"Zinazong'aa ni nyingi?"

"Chache, Daktari. Nyingine giza tupu."

"Na plasmidi tuliivisha mafuta ili ziipokee. Tukazibembeleza, tukazilaza kwenye joto, na bado nyingi zimekataa. Ngozi yako nani ameibembeleza? Ikikudondokea, unanawa, imeisha. Kwa mtoto haifiki. Nenda kamwambie mkeo kabla gari halijaondoka."