Klasi Iliyonyamaza

Meza yangu ya mafuta ya mawese iko nyuma ya shule ya msingi, hapa Kasongo, imeegemea ukuta wa klasi ya nne. Sikusoma hata siku moja, lakini niulize jedwali la saba, saba mara moja, saba mara mbili, nitalitiririsha mpaka mwisho, maana miaka yote watoto wamelipigia kelele kichwani mwangu. Kwetu shule hupimwa kwa sikio. Wazazi wa chuo cha Korani na wa misheni wote ni hivyo: mzazi akipita akasikia watoto wanaitikia pamoja, ameridhika, anaendelea zake sokoni.

Kisha akaja mwalimu mpya, kijana kutoka Kabambare, na ukuta ukanyamaza.

Kimya cha fimbo nakijua. Hiki kilikuwa kimya cha nyumba iliyohamwa. Nikachungulia dirishani: watoto wote wameinamia vitabu, midomo haitikisiki, mwalimu ameketi nyuma yao. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele. Nilimkoholea, kikohozi anachokijua tangu ananyonya. Hakugeuka. Nikarudi mezani mikono imepoa, na jua lilikuwa la saa sita.

Wazazi wakaanza kusimama kwangu, wakijifanya wanachagua mafuta, kumbe wametega masikio. Wengine walisema anawafunga watoto ndimi. Niliwacheka, tena kwa sauti, kwa sababu niliogopa kuliko wao.

Jioni moja mtoto wangu mchanga alishikwa na homa. Nikatoa chupa ya dawa niliyoinunua sokoni. Binti yangu akaipokea, akaikazia macho, mdomo umefungwa kabisa. Mwishowe akasema:

— Mama, usimupe mutoto. Hii dawa mwaka yake ilishapita.

Maneno yalimwingilia wapi, ikiwa hayakupita mdomoni? Niliimwaga dawa nje, nikamkanda mtoto kwa maji mpaka homa ikashuka.

Komite ya wazazi ikaitisha mkutano wa kumfukuza mwalimu. Mkubwa wa komite, muuza vitenge, akanigeukia mbele ya wote.

— Mama, weye uko pale kila siku. Unasikiaka nini?

Nilitaka kumtetea kijana wa watu. Nikasimulia habari ya chupa, jinsi binti yangu alivyotazama tu, akajua, akamwokoa mdogo wake. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kusimama, nikaongeza kwamba niliogopa sana. Neno hilo la mwisho ndilo walilolishika. Mama mmoja akamvuta mtoto wake mbali na binti yangu, aliyekuwa amesimama kando yangu. Mwalimu alisimama, akaongea polepole.

— Walikuwa wanasoma tu.

Wazazi wakainua mikono, akafukuzwa. Kesho yake alipanda pikipiki kurudi Kabambare, begi lake limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Nilimwangalia mpaka vumbi likatua, na iliniuma.

Sasa yuko mwalimu mwingine, na ukuta unapiga kelele kama zamani. Wazazi wanapita wameridhika. Mkubwa wa komite hununua mafuta kwangu na kuniambia: «Sasa watoto wanasoma, Mama.» Mimi nasikiliza jedwali la saba. Sauti za watoto wale nazijua moja moja, na ya binti yangu haimo.

Juzi nikachungulia tena dirishani. Wenzake wote walikuwa wamepanua midomo. Yeye alikuwa mahali pake mstari wa mbele, mdomo umefungwa, ananitazama.