Gauni Lililokatwa Jioni

Asubuhi, fundi cherehani yule, mama wa binti mmoja, alikuwa mtu mwingine. Akishameza kidonge chake cha umakini, mkasi ulimtii. Daktari alikuwa ameupa jina ule mtawanyiko wa akili aliozaliwa nao, na dawa juu, ila dawa nayo hutoka kazini. Ikifika alasiri inaondoka zake, inamwachia kichwa kizito, mwili hoi na hasira za karibu.

Basi akajiwekea sheria: kukata ni asubuhi. Jioni ni vifungo na pindo, vitu ambavyo hata ukikosea unafumua. Wateja walimsifu sana. Hawakumjua fundi wa jioni. Huyo alikuwa wa binti yake.

Binti alikuwa anaimba shuleni kesho yake, peke yake, mbele ya wazazi. Kitambaa chake cha bluu kilikaa rafuni wiki nzima, maana kila asubuhi ilikuwa ya mtu mwingine. Mganga hajigangi. Jioni ya mwisho mama akajipa moyo: gauni la mtoto, litamshinda nini?

Redio ya jirani ikamvuta. Akatafuta chaki, akasahau anatafuta nini, akaanza kupanga nyuzi. Binti akawa anajaribu wimbo wake pembeni.

"Nyamaza, unanichanganya!" akafoka, na papo hapo akajichukia.

Mkasi ukatembea. Alipoinua vipande akaona mikono miwili, yote ya kushoto. Na kitambaa kimekwisha. Akakaa sakafuni. Angecheka, lau angekuwa na nguvu.

"Usilie, mama. Nitavaa la zamani."

"Linakubana, mwanangu."

"Nitaimba bila kupumua sana."

Mama akacheka, machozi yakimtoka.

"Lakini siku nyingine na mimi uniweke asubuhi," binti akasema. Hakusema kwa lawama, ndiyo maana iliuma.

Kulipokucha alimeza kidonge, akaketi kwenye cherehani. Mteja akabisha hodi.

"Fundi, si tulikubaliana leo mapema?"

"Leo asubuhi ina mwenyewe, dada. Nisamehe."

Binti alipanda jukwaani na gauni la bluu lisilo na mikono. Mama yake, mstari wa mbele, akausikiliza wimbo tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Hakuwahi kujua kuwa mtoto wake ana sauti nzuri hivyo.