Mkono Chini ya Leso

Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa uuguzi hapa Kakamega alipolazwa mama mmoja mzee kutoka Shinyalu, mchuma chai, nimonia imemkaba kifua. Nilimwekea kanula, ule mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa ili maji na dawa vipite, nikaibana kwa plasta kwenye mkono wake wa kulia.

"Kukhu, hii usiiguse," nilimwambia, nikimwita bibi kwa Kiluhya. "Umesikia?"

"Nimesikia, daktari. Siigusi."

Nikaenda kitanda kingine. Hayo ndiyo mafunzo yote niliyompa. Wadi ilikuwa imejaa, nikajiambia nitarudi kumweleza yaliyobaki: ikiuma aniite, ikivimba aniite, aniite hata akiniona nimenuna. Sikurudi.

Kesho yake mchana nilimkuta ameufunika mkono kwa leso. Mke wa mwanawe alikuwa ameketi kando, analinda.

"Amesema hii kitu haiguswangi," akaniambia. "Hata mimi amenikataza."

Nikafunua. Mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, ngozi imeiva, inang'aa. Tangu asubuhi dripu ilikuwa ikimwagikia ndani ya nyama, nje ya mshipa.

"Kukhu, ilikuwa inauma?"

"Sana. Lakini sikuigusa."

Alisema hivyo huku ananitazama, akingoja nimsifu.

Kifua kilipona. Vidole vitatu havikukunjika tena. Miezi kadhaa baadaye alirudi wadini na mke wa mwanawe aliyebeba kuku, kunishukuru kwa kumwokoa. Kuchuma chai alikuwa ameacha.

Nilimshika mkono ule, nikamwambia, "Kukhu, huu mkono ni mimi niliyeuharibu. Sikukufundisha vizuri."

Akacheka. Alidhani najishusha tu kwa heshima. Akanipapasa shavu kwa vidole vile vilivyokakamaa, vya baridi, akaenda zake. Sikumwona tena, lakini mpaka leo nikinawa uso navihisi.

Siku hizi nikiweka kanula navuta kiti, naketi, nasubiri mgonjwa anirudishie maneno yangu kwa kinywa chake. Wenzangu wanalalamika kwamba nachelewesha kazi. Mara nyingine nafunua shuka la mtu aliyetulia, nitazame mkono tu.

Wiki jana nilimuuliza mzee mmoja wa Malinya kama kanula inauma. Nikamuuliza tena, na tena, hadi akanifokea mbele ya wadi nzima kwamba ikiuma atapiga kelele mwenyewe.

Aliponifokea, nilishusha pumzi.