Shati la Risala Lililogeuka Kijani

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine (na mtasikia tu, Bariadi si kubwa kiasi hicho): yule msichana wa kidato cha tatu aliyevua sweta siku ya wazazi, akaonekana ana shati la kijani lenye mabaka mekundu shingoni na kwapani wakati sare ya shule ni shati jeupe, ni mimi, Minza. Wiki tatu zimepita na bado nikikutana na mzazi yeyote wa shule yetu sokoni nageuka kuangalia nyanya hata kama nimetumwa chumvi.

Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Darasani nikijua jibu naliandika pembeni ya daftari, nikiona limepatikana najipa vema kimya kimya. Sasa Madam wetu wa Kiswahili akapenda insha yangu, akasema risala ya wanafunzi nitaiandika mimi na nitaisoma mimi, nikamwambia Madam sina sauti, akasema, "Sauti tutaitafuta, wewe leta shati jeupe." Nilivyosema nyumbani, baba alikohoa tu akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, nikajua hajali. Kumbe kesho yake alimwambia jirani kwamba Jumamosi haendi mnadani, anakwenda shule kumsikia binti yake. Baba yangu! Mtu ambaye tangu alivyonipeleka kuandikishwa hajakanyaga pale, kwa sababu anasema shule ni mahali pa watu wanaojua kusoma.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Sikuogopa mgeni rasmi. Niliogopa baba atakaa pale mbele halafu mimi nitoe sauti ya kifaranga.

Ijumaa nilivyotoka shule nikafua shati, likatakata kabisa, na ingeishia hapo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Ila kamba ya kuanikia ilikuwa imejaa mashuka ya bibi, na mimi kusogeza shuka za mtu naona haya hata akiwa bibi yangu, basi nikaenda kulianika kwenye seng'enge ya zizi, ambako mama amekataza mara mia. Nilivyolianua jioni lilikuwa na mstari wa kutu kifuani, kuanzia kifungo cha pili hadi ubavuni, kama mtu aliyefungwa mkanda mahali pasipo pake.

Hapo mtu mwenye akili anaita, "Mama!" Mimi nililikunja nikaliweka chini ya begi. Nikajiambia doa dogo hili, nitalimaliza asubuhi mwenyewe, asijue mtu, kwa sababu mama akijua atasema nilikuambia, na bibi akijua atasema ni kwa sababu ya shuka zake, na baba akijua (hili ndilo lililoniuma) labda ataamua kwenda mnadani.

Asubuhi nikachukua jiki, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ya kupimiwa sokoni kwenye chupa ya maji ya kunywa, ambayo hujui aliyepima aliichanganya na nini. Maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi yana hesabu, mama anajua hata kikombe kikipungua, kwa hiyo nikachota ndoo ya maji ya kisima. Sasa maji ya kisima chetu, mtu yeyote wa mtaani kwetu atakuambia, ni ya ng'ombe na ya kufyatulia matofali. Ukichemshia chai inakuwa nyeusi kama lami. Yana chuma, na chuma kikikutana na jiki kinageuka kutu. Mimi najua yana chuma, nimeliandika hilo kwenye mtihani wa kemia na nikapata vema! Lakini kichwa chenye hofu hakikumbuki kemia. Nikamimina jiki, nyingi, nikatumbukiza shati lote, nikakaa pembeni kulisubiri kama mtu anayesubiri wali.

Likawa la njano. Halikuwa na doa la njano, hapana, lilikuwa la njano lote, kola, mifuko, mikono, na ule mstari wa kutu upo pale pale umekoza zaidi. Nikakumbuka bluu ya kufulia, ile inayofanya nyeupe iwe nyeupe zaidi, nikasema hii ndiyo itaniokoa, nikatia kijiko, sioni kitu, nikatia paketi yote. Kumbe ukitia bluu kwenye njano unapata kitu ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua. Lilitoka kijani. Kijani cha maji ya bwawa ng'ombe wakishatoka.

Muda umekwisha. Mama anaita, "Minza, baba yako ameshavaa!" Nikalikamua, nikalivaa likiwa bichi, juu yake nikavaa sweta la shule, jekundu lililokolea, nikafunga vifungo vyote mpaka kidevuni, nikatoka.

Jua la mwezi wa kumi mnalijua. Kabula, ambaye nakaa naye dawati moja, alivyoniona tu getini akaanza.

"We Minza, una malaria?"

"Nina baridi."

"Baridi? Bariadi hii?" Akanisogelea, akarudi nyuma. "Na mbona unanuka kama choo cha zahanati?"

Kabula anakaa bweni na ana mashati matatu. Matatu! Ningefungua mdomo nikasema nisaidie shati moja, mkasa ungefia pale getini. Nikasema, "Ni sabuni mpya."

Nikakaa kwenye benchi la wasomaji natiririka jasho, naona baba mstari wa pili, amevaa kofia yake ya sherehe, anamgusa bega mzee wa pembeni na kunionyesha kwa kidevu. Halafu mshereheshaji akasema sasa ni wakati wa risala, na Madam akanijia akitabasamu.

"Vua sweta, twende."

"Madam, naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Kifua."

"Kifua kinachoumwa ndicho kitasoma risala? Vua, watu wanasubiri."

Nikavua. Jamani. Mimi mwenyewe sikuwa nimejua kwamba sweta likikaa juu ya shati bichi, na jasho likiongezeka, linatoa rangi. Kulikuwa na kijani, kuna mstari wa kutu, halafu shingoni na kwapani kumeingia wekundu kama nimechinjwa vibaya. Nyuma kidato cha pili wakaanza kucheka kwa pua, na Masunga wa darasani kwetu, ambaye kila kitu kwake ni mzaha, akasema kwa sauti ya kusikika, "Oyaa, shati limeota majani!" Na hapo wakacheka mpaka wazazi.

Madam akanipokonya karatasi (kwa upole, sitamsingizia). Akasema, "Masunga, shati lako ni jeupe? Haya, njoo usome." Nami nikakimbilia nyuma ya jiko la shule, nikakaa juu ya gogo la kuni, nikamsikia Masunga akisoma maneno yangu niliyoyafuta na kuyaandika upya siku nne, kuhusu madawati na kuhusu shida ya maji, anayasoma vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikangoja watu waondoke. Ngoma ikapigwa, zawadi zikatolewa, pilau likaliwa, gari la mgeni rasmi likaenda. Nikachungulia. Wanafunzi walikuwa wanabeba mabenchi kurudisha madarasani, na uwanja mzima ulikuwa mtupu isipokuwa baba, mstari wa pili, kofia magotini. Amekaa. Nikaona afadhali ardhi inimeze, lakini nikaenda.

"Baba, twende nyumbani."

"Tulia, mayu." (Ananiita hivyo, yaani "mama", kama Wasukuma wanavyowaita binti zao.) "Zamu yako bado."

"Risala imeshasomwa, baba."

"Ile ya yule kijana? Nikadhani ile ni ya wavulana. Ya wasichana si ndiyo yako?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akasimama, akanizunguka taratibu kama anavyomzunguka ng'ombe anayechechemea.

"Umelitia nini?"

"Jiki. Lilikuwa na kutu."

"Maji ya wapi?"

"Ya kisima."

Akaguna. "Ulimwambia mama yako?"

"Hapana."

"Bibi yako?"

"Hapana."

"Huyo mwenzako unayekaa naye dawati moja?"

Nikatikisa kichwa.

"Watu wote hao," akasema, "ukaenda kuomba ushauri kwa ndoo." Akakaa tena kwenye benchi, akavaa kofia yake. "Haya, soma. Mimi sijaondoka."

Karatasi alikuwa nayo Masunga, ila risala ilikuwa kichwani. Nikasimama mbele ya baba na shati langu la mabaka, nikaanza ndugu mgeni rasmi, ndugu wazazi, na wabeba mabenchi wakasimama kutazama, mmoja akacheka, sauti yangu ikatetemeka, ikakwama kwenye madawati, ikarudi. Nilimaliza. Baba akapiga makofi matatu, peke yake.

"Umeikimbiza," akasema. "Lakini nimesikia."

Jumapili ndipo nilipomwambia bibi yote, kuanzia shuka zake. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akasema kutu ya seng'enge ni ndimu na chumvi, unasugua, unaacha juani, basi. Nikakaa chini. Mndimu uko nyuma ya jiko letu, na asubuhi ile nilipita chini yake mara tatu nikiwa nimebeba ndoo.

Shati sasa ni dekio. Mimi nimejiapiza: doa lolote, la nguo au la maisha, nitalisema siku ile ile, likiwa bado na ukubwa wa doa.