Maji ya Mzee Dudek

Casimir Dudek alikuwa na mdomo usio na breki. Muulize yeyote anayefuga samaki wa mapambo hapa Erie, mji wetu wa kando ya ziwa, atakwambia, na huenda akakwambia kwa matusi. Alikuwa mzee wa miaka sabini na nane, mwembamba, amefiwa na mke zamani, mstaafu wa kiwanda cha karatasi, suruali yake imening'inia kwa mikanda ya mabegani kiangazi na baridi. Jumapili ya pili ya kila mwezi sisi wafuga samaki hukutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, tukinywa kahawa chungu na kuuziana samaki ndani ya mifuko. Dudek alikaa kiti cha nyuma, akisubiri kusikia ni nani maji yake yamechafuka.

Ukimwambia chujio la tangi lako halivuti maji, anakuja. Hilo sitamnyima, haki yake nampa. Anakuja na ndoo, anapiga magoti mbele ya kabati la chini ya tangi, anafungua kopo la chujio na kunusa, na kabla hajakwambia kilichoharibika anakutukana kwanza.

"Umeosha sponji kwa maji ya bomba, siyo? Umewaua kwa klorini wadudu wote waliokuwa wanakulia uchafu. Mtoto wa chekechea angejua!"

Halafu anatoa kwenye ndoo kipande cha sponji cheusi chenye utelezi, kutoka kwenye chujio lake mwenyewe, na kukitia kwenye lako. Ule uchafu ndio dawa. Humo wanaishi wadudu wasioonekana kwa macho, wanaokula sumu ya mikojo ya samaki. Sisi tunapeana sponji chafu kama majirani wengine wanavyopeana chumvi. Baada ya wiki mbili tatu maji yako yanang'aa, na wewe bado unauguza maneno yake.

Mimi alinitia aibu mbele ya watu arobaini. Samaki wangu walikuwa wanakufa, nikapeleka kichupa cha maji mkutanoni ili anisaidie. Yale maji ukiyatia matone ya dawa ya kupimia, yakibaki njano ni salama, yakigeuka kijani ni sumu. Yangu yalikuwa kijani. Dudek akakiinua kichupa kwenye taa.

"Jamani, nani anataka chai ya mkojo?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Wamekufa wanne, Dudek, nisaidie tafadhali."

"Hawakufa, Loretta. Wamekukimbia, kama Ray."

Ray alikuwa mume wangu. Alikuwa ameondoka wiki tatu nyuma, na sikuwa nimemwambia mtu. Kumbe ukumbi mzima ulijua, maana walicheka tena, na safari hii kwa nguvu zaidi. Kesho yake Dudek akaja kwangu na ndoo yake, akatengeneza chujio huku anapiga mluzi, akala sahani mbili za makaroni yangu, akaenda zake. Hakuniomba radhi, na sidhani hata alikumbuka. Mimi nilikumbuka miaka minane.

Sasa basi. Januari ile theluji ya ziwani ilitushukia siku tatu, nyaya zikakatika, na mtaa wa Dudek ukakaa bila umeme saa thelathini. Siku ya tano baada ya umeme kurudi, Vern Hessler, mwenyekiti wetu, akanipigia simu.

"Loretta, wewe ndiye wa karibu. Mpelekee Dudek sponji chafu. Samaki wake wanahema juu ya maji na yeye hataki kuomba."

"Aombe basi, ana mdomo."

"Mama wewe, nenda tu. Ni yule Babcia."

Babcia ni bibi, kwa Kipolandi cha mama yake Dudek. Ndilo jina alilompa samaki wake mkubwa wa mistari ya chungwa na nyeusi, mnene kama mkono wangu, aliyeishi naye miaka ishirini na sita. Mkewe alizikwa, mwanawe akahamia Arizona, Babcia akabaki. Alikuwa na wenzake watano wadogo, lakini ni yeye aliyepanda kula mkononi mwa mzee, na alipokula aligonga meno ukasikia hadi jikoni.

Nikakata sponji kwenye chujio langu, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaitia mfukoni mwa koti. Nawaapia, nilikwenda kwa nia njema.

Dudek akafungua mlango kidogo.

"Vua viatu. Hapa si kwako."

"Na wewe habari za asubuhi."

"Vern kakutuma? Mwambie sijafa."

"Anasema samaki wako wanahema."

"Wanahema, hawajafa. Wanaokufa ni wa kwako."

Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika sponji mfukoni. Nikauacha humo humo.

Akanipeleka kwenye tangi. Samaki wote sita walikuwa juu, midomo nje ya maji, na mashavu ya Babcia ya kupumulia yamewiva mekundu. Dudek akapiga magoti kwa shida, akaanza kunisomesha kana kwamba mimi ndiye mwenye tatizo. Umeme ulipokatika, alisema, chujio lilikaa limefungwa bila hewa, na taka zikaoza ndani. Umeme uliporudi likatapika uozo wote kwenye tangi, kisha likaziba, likavuta kwa kudondosha. Alikuwa amesafisha pangaboi la mota, amepitisha brashi kwenye mabomba, amebadilisha mpira wa kifuniko.

"Sikiliza linavyovuta sasa! Chujio si tatizo. Na wadudu wangu wamepona, maana nimepima kila siku. Njano, kila siku njano. Sasa niambie wanahema nini?"

Akachukua kichupa alichopima asubuhi ile, akakisogeza hadi karibu na pua, akakigeuzia dirishani. Hapo ndipo nilipoyaona macho yake. Yalikuwa na ukungu wa rangi ya chai ya maziwa, mtoto wa jicho mkubwa kabisa, yote mawili. Kichupa kilikuwa kijani kama njegere.

Akakisogeza tena puani. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza, "Wewe unaona rangi gani?"

Nikatazama kichupa. Nikatazama ule mdomo.

"Njano," nikasema.

"Una hakika?"

"Njano kama siagi. Maji yako masafi, Dudek."

Nilisikia utamu. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nilisikia utamu ukanishuka mpaka tumboni. Yeye akatikisa kichwa. "Basi ni ugonjwa wa mashavu," akasema, akaenda kutafuta dawa kabatini. Dawa ile haitaki ubadilishe maji siku nne. Nilijua, na nilijua vilevile kwamba ndoo tano za maji mapya na kile kisponji changu vingewaokoa wote kabla ya jioni. Nikavaa viatu vyangu. Sponji nikaitupa kwenye pipa la kituo cha mafuta.

Nilijiambia ahangaike siku moja tu, kesho nitampigia simu na kumcheka. Kesho nilikuwa na zamu mbili kwenye duka la mikate. Keshokutwa nikaona haya. Siku ya tatu nikashika simu, nikaiweka chini. Ningemwambia nini? Siku ya nne akapiga yeye.

"Njoo unishikie bakuli, Loretta. Mikono inanitetemeka."

Nilimkuta amekwisha kuandaa bakuli kubwa mezani, maji ya tangi, na chupa ya mafuta ya karafuu. Ndivyo tunavyomlaza samaki asiyepona. Matone kadhaa anasinzia, matone zaidi hazinduki. Nyumba nzima ilinuka kama paja la nguruwe la Pasaka lililopikwa kwa karafuu.

Babcia alikuwa amelala ubavu, lakini jicho lake linazunguka. Dudek alipotia mkono majini, samaki akajivuta, akaweka kinywa kwenye kidole chake na kugonga meno mara moja.

"Ana njaa," nikasema. "Dudek, huyu bado ana nguvu. Ngoja kidogo."

"Nimengoja siku nne. Dawa imekataa, na maji ni safi, wewe mwenyewe umeona. Kama maji yangekuwa mabaya ningejua la kufanya." Akanitazama kwa yale macho ya ukungu. "Hao kina Vern wangenidanganya ili wanifurahishe. Wewe hunipendi, kwa hiyo nakuamini."

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka. Lakini akilini nilimwona akijua, nikamwona Jumapili ukumbini akiwaeleza wote, na ulimi ukagoma. Nikashika bakuli. Akahesabu matone kwa sauti, akizungumza na samaki Kipolandi katikati ya hesabu, akapotea, akaanza upya. Ilichukua dakika kumi na moja. Alilia waziwazi, kamasi mpaka kwenye kidevu, hakujali kwamba namwona.

Halafu akasema niwachukue wale watano. "Mimi sitaweza kuwalaza wote. Wakifia kwako, usiniambie walivyokufa."

Niliwatia kwenye tangi langu la pembeni, maji safi, sponji chafu, dawa hakuna. Usiku wa kwanza waliacha kuhema. Siku ya pili walikula. Siku ya tatu walikuwa wanafukuzana chini ya mawe na kugonga meno, na mimi nimekaa jikoni nimeziba masikio, mtu mzima wa miaka hamsini na nane.

Jumapili asubuhi Dudek akapiga simu. Hakuja mkutanoni siku hiyo, wala hakuja tena.

"Wanaendeleaje?" akauliza.

Nilifikiri haraka. Nikisema wamepona, atauliza dawa gani, na kwa ugonjwa wa maji hapakuwa na fundi wa kumdanganya Dudek mara mbili. Samaki hawaponi kwa siku tatu bila dawa isipokuwa kilichowaumiza kilikuwa maji. Angeufikia ukweli mwenyewe, kabla hajaweka simu chini.

"Wamekufa," nikasema.

"Wote?"

"Wote watano."

Nilisikia saa ya jikoni kwake. Kisha akashusha pumzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi nilifanya vizuri kwa Babcia. Nimekuwa silali, Loretta. Nilikuwa najiuliza labda ningengoja siku moja zaidi. Nilifanya vizuri, siyo?"

Nyuma yangu wale watano walikuwa wanagonga meno, maana ilikuwa saa yao ya kula. Nikafunika simu kwa kiganja asiwasikie.

"Ulifanya vizuri," nikamwambia.