Gari Lisilosimama Kusalimia

Baba yangu alikuwa na kipimo kimoja cha kumpima kijana: anasimama kusalimia, au hasimami. Elimu, kazi na ukoo vilikuja baadaye. Kila alasiri alikaa na wenzake barazani kwetu, Temeke, kahawa mkononi na macho barabarani, na kila aliyepita alipewa alama zake kimyakimya.

Mimi nikaenda kumpenda mwenye gari lisilosimama.

Alikuwa karani bandarini, mpole mpaka kero. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, mitumba ya kila namna imeingia mjini, nguo, redio, hata magari, naye akajibana mpaka akapata gari dogo jeupe lililotoka Japani kwa kupitia Dubai. Gari lilikuwa zima kabisa. Bahati mbaya likaangukia mikononi mwa mtu asiyeweza kuacha kitu kizima kikae. Mjuaji mmoja wa kijiweni Kinondoni alimwambia kwamba Wajapani huzibana injini makusudi zisipumue. Kwenye njia ya hewa, alisema, kuna sensa yenye kijilango kinachosukumwa na upepo unaoingia, na kijilango hicho kimefungwa springi ngumu kwa roho mbaya tu. Ilegeze, hewa iingie ya kutosha, uone gari linavyoruka.

Akabandua kifuniko cheusi cha sensa kwa kisu cha mezani, akalegeza springi. Gari likaruka kweli. Siku ya kwanza aliponipakia kutoka chuo cha taipu nilishika kiti kwa mikono miwili, nikacheka mpaka machozi. Tulipofika njia panda ya Buguruni ikabidi tupunguze mwendo. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima. Springi ilikuwa imelegea mno, kijilango kinabaki wazi wakati hakuna haja, petroli inaingia kwa fujo mpaka injini inajizamisha yenyewe.

Dawa yake ilihitaji watu wawili. Mmoja apige stata, mwingine ainue boneti, atie kidole chini ya kile kifuniko cheusi na kukirudisha nyuma kijimkono kidogo cha springi mpaka injini ishike. Yeye alikuwa na ufunguo, kwa hiyo kidole kikawa changu. Nilimsihi airudishe springi kama alivyoikuta. Alisema imebaki kidogo tu itakaa sawa, na kila Jumamosi akawa anailegeza tena. Mwanamume na gari lake ukiwaingilia utaonekana mbaya.

Kwa hiyo alipopita mtaani kwetu hakuthubutu kusimama. Vijana wenzake wenye magari walikuwa wakipunguza mwendo, wanashusha kioo, wanatoa shikamoo na kuulizia hali za nyumbani. Yeye alipita mbio, mkono nje, na ile shikamoo yake ikawafikia wazee pamoja na vumbi. Baba alikuwa akifunika kikombe chake kwa kiganja. Shangazi yangu alipomdokezea kwamba kijana yule anataka kuleta posa, baba alijibu kwamba mtu aliyeshindwa kusimama kwa ajili ya wazee hawezi kusimama kwa ajili ya mke, na kwamba neno hilo lisirudiwe nyumbani kwake.

Nililia, na hasira zilizidi machozi. Ningeweza kumtetea kwa sentensi moja: si kiburi, gari likisimama linazima. Ila swali ambalo lingefuata ni nimejuaje, na binti wa nyumba yetu hakuwa na njia ya heshima ya kulijua jambo hilo.

Basi nikachochea upande mwingine. Nilianza kumlalamikia baba kuhusu magari yanayokwenda kasi. Nikawataja watoto, nikawataja kuku, nikamtaja mpaka bibi wa jirani ambaye hatokagi nje. Kwa nini wazee wasiweke tuta pale mbele ya baraza? Baba alilipenda wazo hilo kama lake, na baada ya siku mbili lilikuwa lake. Aliwasimamia mwenyewe vijana wakichimba, na mimi nikabeba udongo kwa karai, mtiifu kuliko mabinti wote wa Temeke. Nilitaka asimamishwe tu, ashuke, ampe baba mkono, aonekane alivyo. Nilidhani vijana wakimsukuma litawaka, aende zake.

Jumapili akaja. Aliliona tuta akiwa amelifikia, akakanyaga breki, na gari likazima puani kwa baba.

Alishuka. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, kwa mikono miwili, akaulizia wagonjwa kwa majina. Niliona mabega ya baba yakilegea kidogo. Kisha baba akasema, "Leo umesimamishwa na udongo."

Vijana wakasukuma. Moshi ulitoka, injini haikushika. Wakasukuma tena hadi mwisho wa mtaa na kulirudisha. Akafungua boneti, akajaribu kumwelekeza jirani mmoja mahali pa kutia kidole, naye akashika waya usiohusika akarushwa mkono. Watoto wakaanza kushangilia. Jasho lilikuwa limelowesha shati lote, na katika kuhangaika kwake kote aliangalia kila mtu aliyekuwepo pale isipokuwa mimi. Nilikuwa hatua chache tu, karai mkononi, na kidole anachokihitaji ninacho. Alikuwa radhi achekwe mpaka magharibi kuliko kuniponza kwa jicho moja.

Pale ndipo nilipompenda hasa. Kabla ya hapo nilikuwa nalipenda gari.

Nikaweka karai chini. Nikajifunga mtandio vizuri, nikapita katikati ya wazee, nikainama kwenye injini, nikatia kidole chini ya kifuniko cheusi bila hata kuangalia.

"Piga," nikamwambia.

Injini ikanguruma. Nilipoinuka nikamkuta baba amesimama mbele yangu, anakitazama kidole changu kilivyojaa weusi, kisha akamtazama kijana aliyekuwa ndani, mguu kwenye mafuta, anaogopa kuuondoa. Shangazi, mlangoni, alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga.

"Mwambie alete wazee wake Ijumaa hii," baba akasema kwa sauti ya chini. "Na waje na gari linalosimama."