Kamushale kenye kalikimbiza wagonjwa

Leo kamushale ka ordinateri kamekimbiza mustari muzima wa wagonjwa. Sicheki.

Mimi njo nilifunga ekra mupya, kioo ya kompyuta, pale santre ya afya ya wakimbizi. Iko ya kugusa na kidole: unagusa jina ya kijiji kwenye ulikimbia vita, inakupa namba ya kuona dokta. Basi.

Ila kamushale, kenye hakana hata kazi pale, nilisahau kukaficha. Kakabakia katikati, juu ya jina ya kijiji Bihambwe.

Papa mumoja akafika, homa inamutetemesha. Akaangalia ekra. Akarudi nyuma, mikono juu.

"Nani amewaambia natoka Bihambwe? Sijagusa kitu!"

"Papa, ni mashini tu."

"Kaka, kwetu wenye kuua watu walituonyesha vilevile. Na kidole. Mumoja mumoja."



Watu wote wakaanza kubeba vitu vyao polepole, kama watu wenye hawakimbii. Papa na homa yake njo alitoka wa kwanza. Nilimuita mpaka kwa mulango, hakugeuka.

Nikakaa, nikatafuta namna, nikakaficha. Kazi kidogo sana, na jasho yote hii!

Nikatoka inje kuita watu. Mama mumoja wa kijiji ya Ntoto tu njo alikubali kurudia. Akachungulia ekra kushoto, kuume, mpaka nyuma yake.

"Na kale kamushale?"

"Nimekaficha, Mama. Gusa tu."

Akarudisha mukono ndani ya kikwembe.

"Umekaficha wapi?"

Nimechoka, ndugu zangu. Ninyi mungemujibu nini?